Mjadala: Muda wa kuzungumza bungeni ugawanywe kwa idadi ya viti?

Ndugu zangu, kila kanuni za bunge zinapotaka kurekebishwa, ugomvi huanzia kwenye dakika: upinzani upewe muda kiasi gani? Wengi husema tufuate viti, mwenye theluthi ya wabunge apate theluthi ya muda. Mimi nakataa.

Tazameni siku ya hoja ya serikali inavyokwenda. Waziri anasoma hotuba ndefu. Msemaji wa upinzani anajibu, kisha wanafuata wachangiaji, kila mmoja na dakika zake chache, na hizo nazo zinaliwa na wenzake wanaomkatiza kwa "taarifa" na "kuhusu utaratibu". Kengele inalia mtu hajamaliza hoja yake ya kwanza. Mwisho anasimama waziri yuleyule kuhitimisha, hakuna tena wa kumjibu, na Spika anahoji: wanaoafiki waseme ndiyo. Serikali imefungua mjadala, imeufunga, na ndiyo iliyochagua kitu cha kujadiliwa. Halafu muda uliobaki katikati tuugawe kwa viti? Huko ni kumwongezea aliyekwisha kupata.

Kwa maoni yangu, cha kupigania ni ratiba. Uingereza, kanuni za bunge zinautengea upinzani siku 20 kila kikao cha mwaka: 17 za chama kikuu cha upinzani na 3 za kinachofuata. Upinzani ndio unaochagua mada. Ni jambo zuri, ila tarehe hupangwa na serikali, na hoja ikipita haiibani. Oktoba 2017 upinzani ulileta hoja ya kusimamisha kwa muda usambazaji wa mfumo mpya wa ruzuku kwa wenye kipato kidogo. Chama tawala kikawaagiza wabunge wake wasipige kura. Hoja ikapita kwa kura 299 dhidi ya 0, na mpango ukaendelea.

Ndiyo maana navutiwa zaidi na nchi zilizoiweka haki hiyo kwenye katiba. Ufaransa, tangu marekebisho ya 2008, katiba inatenga siku moja kila mwezi ambayo ajenda yake inapangwa na makundi ya wabunge wa upinzani na yale yenye wabunge wachache. Ujerumani wamekwenda mbali zaidi: robo ya wabunge wakitaka kamati ya uchunguzi, bunge halina hiari, lazima iundwe. Hapo upinzani hausubiri hisani ya mtu.

Kuna hoja ya upande wa pili ninayoiheshimu: wananchi walichagua serikali itawale, na upinzani ukipewa siku zake utafanya kampeni. Utafanya, sikatai. Lakini kura za kupitisha sheria na bajeti zinabaki mikononi mwa wengi. Kinachobadilika ni kwamba waziri atalazimika kujibu swali ambalo hakulipanga yeye. Hata wabunge wa chama tawala wenye maswali yao wangefaidika, maana nao hubanwa na ratiba hiyohiyo.

Sasa semeni nanyi. Mngekubali robo ya wabunge iweze kulazimisha uchunguzi hata serikali na Spika wakikataa? Anayeona robo ni ndogo mno ataje kiwango chake, na atueleze bunge lenye upinzani wa asilimia 15 tu lingefanyaje.