MJADALA: Watengenezaji wa treni wapewe sauti kuamua nani auze treni?

Mleta mada:

Wakuu, habari za jioni. Nilipokuwa nasubiri treni ya umeme kwenda Morogoro, niliona kiboksi bapa katikati ya reli, kimefungwa kwa bolti juu ya taruma la zege. Hakina taa, hakina betri. Abiria wanapita na mabegi yao, hakuna anayekitupia jicho. Kinaitwa balisi. Treni ikipita juu yake, antena iliyo chini ya kichwa cha treni inakipa nguvu kwa kufumba na kufumbua, nacho kinaiambia treni iko wapi hasa. Ruhusa ya kusonga mbele inakuja kwa redio. Dereva akizidisha mwendo, mfumo unashika breki wenyewe.

Mfumo huo ni ETCS, na umezaliwa Ulaya. Kilichonishangaza ni kwamba walioandika vipimo vyake ni watengenezaji wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni za ishara za reli, Alstom na Siemens zikiwemo, ziliunda kundi la UNISIG kwa kazi hiyo. UNISIG ni mshirika wa UNIFE, chama cha watengenezaji wa vifaa vya reli wa Ulaya chenye makao yake Brussels. UNIFE ina kampuni wanachama zaidi ya 100, kuanzia wanaounda treni nzima hadi wanaotengeneza milango au breki tu.

Chama hicho hicho kina kazi nyingine, nayo ni kubisha hodi kwa wabunge na makamishna ili sheria za biashara na zabuni ziwafae wanachama. Ndipo ninapouliza: tukisikilize kwa lipi?

Msimamo wangu nausema mapema. Kwenye meza ya mafundi wakae, tena waje wote. Kwenye chumba cha kuamua nani aruhusiwe kuuza, wabaki nje.

Kwenye ufundi hawana mbadala. Treni za Thalys zilizounganisha Paris, Brussels, Cologne na Amsterdam zilibeba mifumo 7 ya udhibiti, kwa sababu kila nchi ilikuwa na ishara zake. Mshindani hafuati kipimo cha mwenzake mpaka wakiandike pamoja, na lazima awepo wa kuwaita kikaoni. Mwaka 2006 UNIFE ilianzisha IRIS, ukaguzi mmoja wa ubora kwa viwanda vya sekta nzima. Kabla ya hapo kiwanda kidogo cha vipuri kilikaguliwa na mnunuzi huyu, kesho yule, kwa mambo yale yale. Leo msingi wa IRIS ni kiwango cha kimataifa cha ISO.

Hata huko si kila kitu kimeenda sawa. Mwaka 2017 wakaguzi wa hesabu wa Umoja wa Ulaya walisema kuwa hadi mwisho wa 2016 ETCS ilikuwa imefungwa kwenye asilimia 8 tu ya njia kuu za reli za Umoja huo, na kwamba matoleo tofauti ya mfumo huo yalikuwa yanagombana.

Ila shida yangu kubwa iko kwenye biashara. Siemens na Alstom walipotaka kuunganisha biashara zao za reli, hoja ilikuwa kwamba Mchina anakuja: CRRC, kampuni ya treni ya serikali ya China iliyoundwa 2015, ni kubwa mno, basi na Ulaya iwe na jitu lake. Tume ya Ulaya ilikataa tarehe 6 Februari 2019. Ilisema ushindani ungepungua kwenye ishara na kwenye treni za kasi kubwa sana, na bei ingepanda. Sasa fikirieni yule mtengeneza milango, naye mwanachama. Wateja wake wakubwa wawili wakigeuka mmoja, bei atapangiwa na nani? Chama kinawabeba muuzaji na mnunuzi ndani ya kapu moja. Kikisema "sekta ya reli inataka", mimi nauliza ni nani hasa humo ndani anayetaka.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, mada nzuri, lakini umewaonea. Tazama Bulgaria. Walitaka treni 20 za umeme, mkataba wa takriban yuro milioni 610 pamoja na matengenezo. Kampuni tanzu ya CRRC ikaja na bei ya karibu nusu ya ile ya Talgo ya Hispania. Februari 2024 Tume ikafungua uchunguzi wa ruzuku za kigeni, mwezi uliofuata CRRC ikajitoa. Kampuni ya serikali ikiweza kuuza hata kwa hasara, fundi wa Ulaya atashindanaje nayo? Na nani atapiga kelele kama si chama chake?

Halafu Boston, Marekani. Mwaka 2014 Wachina walishinda kwa dola milioni 566 kwa mabehewa 284 ya treni za mjini, wakati Bombardier walitaka zaidi ya bilioni moja. Watu wakashangilia. Mabehewa yakachelewa miaka, na 2024 mamlaka ya usafiri ikakubali kuongeza karibu dola milioni 148 juu ya mkataba. Rahisi ghali.

Mleta mada:

Ndugu, Boston nakubali, imeniuma hata mimi niliyeko mbali. Mwaka 2021 behewa jipya lilitoka nje ya reli, mengine yakaondolewa njiani kwa uchunguzi. Lakini aliyeyaondoa ni mnunuzi mwenyewe. Dawa ya bei ya mashaka ni mnunuzi mwenye wahandisi wake, na sheria ya ruzuku inayosimamiwa na dola, mezani, kwa ushahidi. Kwa Bulgaria hivyo ndivyo ilivyokwenda, na sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu ni na kilichofuata Marekani. Mwishoni mwa 2019 ilipita sheria ya kuzuia fedha za serikali kuu kununua treni za abiria kutoka kampuni za aina ya CRRC. Waliokuwa mstari wa mbele kuisukuma walikuwa watengenezaji wa mabehewa ya mizigo, kwa hofu kwamba Mchina akishamaliza kwa abiria atahamia kwao. Yaani abiria wa mjini amepunguziwa wauzaji ili kumlinda mtu asiyetengeneza hata kiti cha abiria. Labda hofu yao ilikuwa ya kweli. Lakini gharama kabeba mwingine, na hakuitwa kikaoni.

Mchangiaji wa pili:

Shikamoo wakubwa. Mimi ni fundi wa karakana, nitasema ninachokijua. Nyote mnazungumzia kununua. Treni inanunuliwa siku moja, inatengenezwa miaka 30. Tulikuwa na behewa limelala kwa sababu ya kadi moja ya kudhibiti mlango, ndogo kama kiganja. Hatukuwa na mchoro wake, kwa hiyo hata kujua kipande kipi kimeungua ilikuwa kubahatisha. Tukasubiri jibu la muuzaji miezi, mwisho tukaambiwa toleo lile halitengenezwi tena, ninyi nunueni mfumo mzima. Tukang'oa kadi ya behewa lingine lililokuwa bovu. Mleta mada, hiyo meza ya mafundi unayoisifia, fundi gani anakaa hapo? Anayeunda, au sisi tunaolala chini ya behewa?

Mleta mada:

Marahaba mdogo wangu, umenigusa. Nilisema "meza ya mafundi" kana kwamba mafundi ni wa kiwandani tu. Nalirekebisha neno langu: wakae, lakini mnunuzi na karakana wawe na viti pale pale, tangu siku ya kwanza ya kuandika vipimo.

Na umenifumbua kitu. Treni zetu za umeme zimeundwa Korea Kusini na Hyundai Rotem, ila zinaelewana na kile kiboksi cha Ulaya, kwa sababu vipimo vya ETCS viko wazi. Wakala wa Reli wa Umoja wa Ulaya ameviweka mtandaoni, bure. Ukivipakua utaona namna balisi inavyozungumza na treni, neno kwa neno. Kadi yako ya mlango haimo.