Naombeni ushauri: baba yake bibi aliitwa Shaushi, tunatafuta asili yake

mjukuu_wa_ngamiani
Habari za jioni wakuu. Nipo Tanga mjini na jambo hili linaninyima usingizi tangu Idd.

Bibi yangu mzaa mama anakaa Ngamiani. Alizaliwa 1936, kitinda mimba. Baba yake tunamjua kwa jina moja tu, Farjala Shaushi. Alikuwa askari wa Mjerumani, alipigana hapa hapa Tanga Novemba 1914, akaondoka na jeshi, akarudi miaka kadhaa baadaye. Alifariki bibi bado mtoto. Alizaliwa wapi, baba yake nani, hakuna anayejua.

Kwenye kasha la bibi, chini ya kanga na kifuko cha udi, kuna ndege mdogo wa madini meupe, bawa moja limekatika. Bibi humpangusa kwa ncha ya ushungi, kisha humrudisha palepale. Anasema baba yake alimbandua kwenye kofia akampa achezee.

Sasa tunaandika shajara ya ukoo, yaani mti wa nasaba, na wajomba wamegawanyika. Mjomba mkubwa anasema Shaushi ni ukoo wa Kiarabu, tuandike hivyo. Mwingine anasema sisi Wanubi, uzao wa askari wa Kisudani. Mama mdogo hataki tuulize kabisa: "Mkichimba mtakuta mtumwa." Na bibi ameanza kusahau, asubuhi huniita kwa jina la marehemu kaka yake. Naogopa kuchelewa. Nianzie wapi?

kasha_la_kale
Mkuu, Shaushi si ukoo, ni cheo. Neno ni la Kituruki, lilikuja na askari wa Kisudani ambao Wissmann, afisa wa Kijerumani, aliwachukua Misri mwaka 1889 waje kupigana na Abushiri. Jeshi la Mjerumani likaendelea nalo: ombasha ni kama koplo, shaushi ni sajini, na efendi ndiye wa juu kwa askari weusi. Huyo ndege ni tai wa mbele ya kofia ya askari. Kwa hiyo mzee wenu alipanda cheo, hilo liandikeni bila wasiwasi. Uarabu haumo kwenye neno hilo.

Farjala nalo lisiwakimbize Sudan. Askari wa Kisudani walikuwa nalo, na watumwa wa pwani walipewa hilo hilo, kama Mabruki na Feruzi. Halafu kufikia 1914 askari wengi walikuwa watu wa huku huku: Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema.

mama_pangani
Mwanangu, mama yako mdogo msimbeze, mwendeeni kwa upole. Utumwa haukuisha Mjerumani alipofika. Alichoamuru ni kwamba watoto watakaozaliwa baada ya 31 Desemba 1905 wawe huru, na utumwa wenyewe ulikuja kufutwa na Mwingereza 1922. Hapo si mbali, ni wazazi wa bibi zetu.

Kwetu mama wa bibi yangu alinunuliwa. Tulilificha vizazi vitatu. Siku tulipomwombea dua kwa jina lake kwenye hitma, shangazi zangu walilia, kisha wakaanza kutaja majina mengine ambayo hatukuwahi kuyasikia. Aibu ni ya aliyemuuza.

mpekuzi_nyaraka
Nyaraka za Taifa pale Dar kuna mafaili ya enzi za Mjerumani, na Berlin kuna ya wizara yao ya makoloni, mengi yamewekwa mtandaoni. Lakini kumbukumbu nyingi za jeshi lao ziliungua Potsdam Aprili 1945. Akitokea mtu anataka hela akuletee "faili la askari", usimpe.

Muulize bibi kama aliwahi kusikia Tabora ikitajwa. Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Mjerumani huku, alisalimisha silaha Abercorn (sasa Mbala, Zambia) 25 Novemba 1918, na askari wake walishikiliwa Tabora. Wengi walifia huko kwa homa ya mafua.

mtani_wa_handeni
Ndugu, usimuulize bibi "kabila gani". Muulize siku ya msiba wa baba yake watani walikuwa akina nani. Mtu huweza kuficha kwao maisha yake yote, lakini akifa watani wanakuja. Sisi Wazigua na Wanyamwezi tunataniana tangu enzi za misafara.

mjukuu_wa_ngamiani
Shikamoo mama, na wengine wote asanteni. Leo baada ya alasiri nilikaa na bibi mkekani, nikamuuliza kama mlivyosema. Alikaa kimya, nikadhani amesinzia. Halafu akacheka mpaka akashika ubavu. "Wazigua wale! Mmoja alilala mlangoni jeneza lisipite, mpaka mama akampa senti!"

Mjomba mkubwa alikuwa barazani, akasikia. Akavua viatu, akaingia, akakaa karibu na miguu ya bibi. Swali lililofuata aliuliza yeye: "Na yeye mwenyewe, mama, alijiitaje?"

Bibi akasema akipandwa na homa alikuwa akijiita mwana wa Maganga.

Nimerekodi kwenye simu, na jina limeandikwa juu ya Farjala kwa penseli, mwandiko wa mjomba. Mama mdogo tutamwendea Ijumaa. Najua akina Maganga ni wengi huko Unyamwezini. Mlioko Tabora, mngekuwa ninyi mngeanzia wilaya gani?