Kabureta moja badala ya mbili kwenye Yamaha Banshee: je, silinda ya kushoto itapona?

Mwendeshaji wa Jinja

Habari zenu, mafundi na wapenzi wa pikipiki za magurudumu manne. Nina Yamaha Banshee 350 niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika, na huiendesha mwishoni mwa juma katika njia za vumbi kandokando ya Mto Nile. Injini yake ni ya mipigo miwili, ina silinda mbili zenye sentimita za ujazo 347 kwa jumla, na kila silinda ina kabureta yake ya Mikuni ya milimita 26. Shida ni kwamba silinda hizo hazipatani. Plagi ya kulia hutoka na rangi ya chai ya maziwa, ilhali ya kushoto hutoka nyeupe kama chokaa, na upande huohuo wa kushoto umekwisha kuniunguzia pistoni moja. Nimesawazisha slaidi za kabureta, yaani vile vizibo vinavyopanda na kushuka kuruhusu hewa, hadi nimechoka. Nikimaliza leo, baada ya safari mbili mlio wa injini unabadilika tena.

Rafiki amenishauri niziondoe kabureta zote mbili, nifunge manifoldi, yaani bomba la kuingizia hewa na petroli, yenye mikono miwili inayokutana kwenye kabureta moja kubwa. Je, manifoldi hiyo yaweza kuchomelewa kwa mafundi wa Katwe, Kampala, au ni lazima niiagize Marekani? Kabureta iwe ya ukubwa gani? Na silinda ya kushoto itapona?

Fundi wa Katwe

Ndugu, nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo litakalokuokolea fedha. Plagi nyeupe upande mmoja maana yake ni kwamba silinda hiyo inapata hewa nyingi kuliko petroli, na katika injini ya mipigo miwili petroli ndiyo inayobeba oili, kwa hiyo silinda yenye kiu ya petroli ina kiu ya oili pia. Slaidi zilizolika zaweza kuleta hali hiyo, lakini hata oili sili (mpira wa kuzuia uvujaji) ya krankishafti ikivuja huileta. Kwenye Banshee sili ya kushoto imekaa nyuma ya fulaiwili, lile gurudumu zito la mwisho wa krankishafti, mahali pakavu, nayo ikichakaa hunyonya hewa tupu. Ya kulia, iliyo upande wa klachi, ikichakaa hunyonya oili ya gia, na moshi mzito ndio utakaokuambia. Wewe hukutaja moshi, umetaja upande wa kushoto. Usinunue chochote kabla ya kupima.

Kipimo chenyewe si cha gharama. Ziba midomo ya kuingizia na ya ekzosi kwa vipande vya mpira na vibano, kisha jaza hewa kwa pampu ya mkono hadi shinikizo la psi 6, wala usizidishe, na uiache injini dakika sita huku ukitazama geji. Mshale ukishuka, paka maji ya sabuni kwenye viungo vyote, ukianza na nyuma ya fulaiwili baada ya kuivua.

Kuhusu manifoldi, hapa Katwe tunaweza. Mimi siipendi ile ya kumiminwa katika mchanga kwa alumini ya mabaki, kwa sababu hutoka na vitundu visivyoonekana kwa macho, na kitundu kimoja kinatosha kukurudisha kwenye plagi nyeupe. Afadhali mabomba ya alumini yachomelewe kwenye bamba nene, kisha uso wa bamba usuguliwe juu ya kioo kilichotandikwa msasa hadi mikwaruzo ienee kote bila kuacha kiraka chenye kung'aa. Vali za ridi, vile vibati vyembamba vinavyoruhusu mchanganyiko kuingia bila kurudi, zibaki kama zilivyo. Jambo la kulinda kuliko yote ni urefu na mpindo wa mikono miwili: mmoja ukiwa mrefu zaidi au umekunjwa kwa ukali, petroli itapendelea mwenzake, nawe utakuwa umelipa ili urudi ulikoanzia.

Mzee wa Gereji, Mbarara

Fundi amesema vyema, nami naongeza juu ya ukubwa. Kihesabu, eneo la matundu mawili ya milimita 26 ni sawa na tundu moja la karibu milimita 37, lakini huhitaji kufika huko. Pistoni za Banshee hupishana nusu mzunguko, moja ikipanda nyingine inashuka, kwa hiyo silinda hunyonya kwa zamu na kabureta moja inazihudumia kwa nafasi sawa. Kwa mtu anayetembea polepole vumbini, ningechagua milimita 34 au 35. Tundu likiwa kubwa mno, mwendo wa hewa hupungua katika mizunguko ya chini, na injini husitasita unapofungua mafuta.

Usihamishe namba ya jeti, kile kitundu kinachopima petroli, kutoka kabureta ya Mikuni kwenda ya kampuni ya Keihin, kwani vipimo vyao havifanani. Anza na jeti kubwa kuliko unayodhani inafaa, ushuke hatua kwa hatua huku ukisoma plagi, ukikumbuka kwamba Jinja iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya kumi. Jeti iliyoandikwa kwa watu wa pwani itakuwa nzito kwako, yaani itamimina petroli kupita kiasi. (Akija mtu wa Kabale, kwenye milima mirefu zaidi, kuinunua, ashushe tena.)

Utahitaji pia waya mmoja wa mafuta badala ya ule unaogawanyika, na chujio la sponji lililopakwa oili. Zaidi ya hayo, swichi za mfumo wa TORS zimo ndani ya vichwa vya kabureta zako za sasa, nao ndio unaoizuia injini slaidi ikikwama wazi ilhali umeachia kidole. Ukizitoa kabureta hizo, itakubidi uuchomoe mfumo huo, na swichi ya kuzimia injini ndiyo itakayobaki kuwa kinga yako. Ijaribu kila asubuhi.

Mgeni wa Fort Portal

Samahani kwa kudandia. Je, hesabu hiyo inafaa kwa Kawasaki Prairie 650?

Mzee wa Gereji, Mbarara

La, ndugu. Hiyo ni ya mipigo minne na silinda zake zimepangwa kwa umbo la V la nyuzi 90, hivyo hazinyonyi kwa nafasi sawa. Kabureta moja italisha silinda moja vizuri kuliko nyingine. Zitengeneze kabureta zako mbili.

Mwendeshaji wa Jinja

Nimerudi, na asanteni sana, wazee wangu. Mshale ulishuka kutoka psi 6 hadi 2 kabla dakika ya pili haijaisha, na nilipopaka sabuni nyuma ya fulaiwili povu lilichemka kama uji. Nimebadilisha sili zote mbili, na baada ya safari tatu plagi zimekuwa za rangi moja. Hata hivyo, slaidi zangu zinachezacheza nikizitikisa kwa kidole, kwa hiyo manifoldi bado naitaka, ya kuchomelewa. Fundi, naleta vipimo vya vali za ridi Jumatatu.

Fundi wa Katwe

Usilete vipimo, ssebo. Lete silinda zenyewe.