Naomba ushauri: nianze na cheti cha LPN (muuguzi wa ngazi ya kwanza mwenye leseni) au niende moja kwa moja RN (muuguzi kamili aliyesajiliwa)?

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Niko Columbus, Ohio, nina grinkadi (kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu), umri miaka 31. Kwa sasa ni CNA (msaidizi wa wauguzi) kwenye nyumba ya wazee, zamu za usiku. Kazi naipenda kweli, ila mgongo umeanza kuuma na mshahara unaishia kwenye kodi ya nyumba.

Nataka kuingia chuo cha jamii. LPN ni kama mwaka mmoja, unapata leseni na kipato kinapanda mapema. RN ni miaka miwili kwenye karatasi, lakini kabla ya kuingia kuna anatomia na sayansi nyingine, na nafasi zinagombewa. Uzuri wake, mtihani wa leseni ya RN, NCLEX-RN, ni uleule wanaofanya wenye digrii ya miaka minne.

FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali wa kulipia masomo, nimeshajaza. Nikipata Pell Grant (ruzuku ya masomo isiyorudishwa), ina kikomo cha mihula 12, sitaki kuipoteza hovyo. Mama na wadogo zangu Kigoma wananitegemea kila mwezi.

Mliopita njia hii: mlianza na LPN mkajiendeleza baadaye, au mlivumilia hadi RN? Na kemia mliisomaje huku mnakesha kazini?