Kukagua programu wakati inaendelea kufanya kazi, toleo la dibagi (la majaribio ya mtengenezaji) tu: mwatumia nini?

msimbo_mkunguni (Lamu)
Asalaam aleikum wakuu. Nina programu ya Android ya kukata tiketi za boti, Mokowe, Lamu na Shela. Ofisini haina neno. Ukiwa katikati ya maji mtandao unakatika na kurudi, na tiketi moja inakatwa mara mbili. Nataka kuona rikwesti (maombi ambayo programu yatuma kwa seva) na majibu ya seva palepale, lakini zana yenyewe ya kukagulia isiwemo kabisa kwenye rilisi, yaani toleo la watumiaji.

fundi_casuarina (Malindi)
Aleikum salaam. Mie nilikuwa mtu wa Flipper, zana ya kukagulia programu kutoka kwenye laptopu. Rikwesti, hifadhidata, mpangilio wa skrini, vyote dirisha moja. Lakini usianze nayo leo. Hata React Native (mfumo wa kutengenezea programu za simu) tangu toleo 0.74 haiji nayo tena.

binti_shela
Android Studio yenyewe, ile tunayotengenezea programu, yatosha. Fungua App Inspection: kuna ya mtandao na ya hifadhidata, yataka simu ya Android 8 kwenda juu. Huongezi maktaba (msimbo wa watu wengine) yoyote, kwa hivyo hakuna cha kuvuja hadi kwenye rilisi.

msimbo_mkunguni
Dada, laptopu botini? Juzi wimbi limeingia mpaka kwenye begi.

binti_shela
Haya, pole 😄 Basi Chucker, maktaba ya kuonyesha rikwesti. Yakaa ndani ya simu, kila rikwesti ikipita yaleta arifa, wabonyeza wasoma. Maktaba ya kweli iweke kwa debugImplementation (yaingia toleo la dibagi tu), na ile ya library-no-op kwa releaseImplementation (yaingia rilisi tu). Hiyo no-op ni ganda tupu lenye majina yale yale. Ukiisahau, rilisi itakataa kujengeka. Tokeni (siri za kuingilia kwenye seva) zifiche kwa redactHeaders. Na ujue yasikia OkHttp (maktaba ya kutumia rikwesti) peke yake, ya WebView (kurasa za wavuti ndani ya programu) haiyaoni.

proksi_daima
Charles je, ile proksi inayokaa kati ya simu na seva? Yaona hata ya WebView.

binti_shela
Charles nayo ni laptopu, kaka. Halafu ili isome yaliyofichwa yataka uweke cheti chake kwenye simu, na tangu Android 7 programu haiamini cheti alichoweka mtumiaji mpaka uiruhusu, na ruhusa yenyewe uitie ndani ya debug-overrides (mipangilio ya dibagi tu), si kwingine.

fundi_casuarina
Kwa tatizo lako la tiketi mbili, sikiliza hapa. Ukiunga Chucker kwa addInterceptor utaona rikwesti moja tu na utaapa seva ndiyo mbovu. OkHttp muunganisho ukikatika huweza kujaribu tena kimyakimya, chini ya pale unapochungulia. Iunge kwa addNetworkInterceptor, hapo kila jaribio lililopata muunganisho utaliona.

Na usitegemee `if (BuildConfig.DEBUG)`, yaani sharti la "kama ni dibagi", pekee. Mie niliwahi kuitia maktaba nzima kwenye matoleo yote, nikaificha kwa if. Siku moja natafuta kosa la mteja, nikaifuta ile if, nikasahau kuirudisha. Wiki haijaisha, mhudumu wa hoteli moja akanipigia: "Kaka, simu yaniandikia POST 200, POST 200. Ni deni?" Akabonyeza arifa, namba za wageni zote zi wazi mbele yake. Jasho lilinitoka.

msimbo_mkunguni
Mola atustiri. Nimefanya kama mlivyosema, nikavuka hadi Mokowe na kurudi. Kweli: rikwesti mbili, sekunde chache kati yao, kitambulisho cha tiketi kile kile. Seva yangu ilikuwa haiangalii kama imeshaipokea. Nimesharekebisha upande huo.

Sasa hili lanitia wasiwasi: nimeifungua APK (faili la programu) ya rilisi kwa APK Analyzer ya Android Studio, nikakuta jina "chucker" bado limo!

binti_shela
Ni lile ganda. Usitafute jina, fungua AndroidManifest (orodha ya sehemu za programu) humo humo. Kuna Activity (skrini) yoyote ya Chucker?

msimbo_mkunguni
Hakuna hata moja. Ya dibagi inazo.

binti_shela
Basi peleka dukani.