Kichwa cha difu cha mtumba kwenye Hilux LN106: nibadilishe nini kabla ya kukifunga?

Mpakia_Mchanga
Wakuu, habari za kazi. Gari ni Hilux LN106, injini 3L (hilo ni jina la injini, si lita 3), 4x4, ekseli ngumu mbele na nyuma. Difu ya nyuma inavuma kuanzia spidi 50. Ukikanyaga mafuta inavuma zaidi, ukiachia inapoa. Tumemwaga oili imetoka na unga wa chuma na vipande viwili vya jino, kwa hiyo hicho kichwa (mkusanyiko wa gia za ndani ya difu) hakina tena maisha. Gerezani kuna kichwa kizima cha mtumba kutoka Japani, muuzaji anasema kilitoka kwenye Hilux Surf. Je, kitaingia bila kuchonga kitu? Fundi anataka kufungua pinioni (gia ndogo inayozungusha difu) abadilishe beringi na sili zote "tukiwa humo humo". Nimwache? Na oili ni lita ngapi?

FundiGia
Mkuu, usilipe bado. Kuingia ni jambo moja, uwiano wa meno ni jambo jingine, na kwenye 4x4 ndio unaovunja vitu. Difu za inchi 8 za Toyota zilitoka na uwiano mwingi: 3.90, 4.10, 4.30, 4.56, 4.88. Kwa nje zote zinafanana kama mapacha. Ukifunga nyuma 4.30 na mbele ni 4.10, siku ukiingiza 4x4 kwenye ardhi kavu propela mbili (shafti zinazopeleka nguvu kwenye difu) zinataka kwenda mwendo tofauti, na zimefungwa pamoja kwenye transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma). Kitakachokatika ni kile kilicho dhaifu zaidi: mnyororo au gia za transfa, krosi (kiungo cha propela), au jino la difu mpya uliyonunua jana.

Pima la kwako kwanza. Gia huru, transfa kwenye 2H (nyuma tu), hendibreki imeachiwa, matairi ya mbele yawekewe magogo. Inua tairi moja tu la nyuma, lingine libaki chini. Weka alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela. Zungusha tairi mara 20 kamili huku mwenzako akihesabu propela. Kwa kuwa upande mmoja umesimama, krauni (gia kubwa ya difu) inakwenda nusu ya tairi, yaani mara 10. Propela ikizunguka 41, difu yako ni 4.10. Ikizunguka 43, ni 4.30. Usifanye kwa mizunguko miwili kama wengi wanavyofanya, maana 4.1 na 4.3 huwezi kuzitofautisha kwa macho.

Mbele fanya hivyo hivyo, ila geuza habu zote mbili (vifungio vya katikati ya matairi ya mbele) ziwe LOCK. Ukiacha habu ya tairi lililo chini ikiwa FREE, shafti ya upande ule itazunguka yenyewe na hesabu yako itakuwa uongo.

Kichwa cha dukani hakihitaji ujanja wote huo. Piga chaki jino moja la krauni, hesabu meno yake, kisha hesabu ya pinioni, gawanya.

Mpakia_Mchanga
Nimepima. Nyuma 41, mbele 41. Kile cha Gerezani krauni ina meno 43, pinioni 10. Muuzaji anasema tofauti ni ndogo, "gari itakuwa na nguvu tu".

FundiGia
Nguvu itaongezeka kweli, kama asilimia 5, na injini itazunguka zaidi kwa kiasi hicho hicho: palipokuwa na 3000 sasa ni karibu 3150. Spidomita nayo inasoma kutoka kwenye transfa, kwa hiyo ikionyesha 100 wewe uko kama 95. Kwa gari la 2WD ningekwambia chukua. Kwa hilo lako, mwachie.

Saa_ya_Kupimia
Naongezea kwa FundiGia. Ukipata cha 41 kwa 10, angalia pia kama si cha difu loki ya umeme. Hicho kina mota pembeni na hakikai kwenye nyumba ya difu ya kawaida bila kuchonga. Halafu beba falenji (sahani ya kufungia) ya propela yako au chora matundu yake manne kwenye karatasi ngumu, ulinganishe. Vichwa vya Surf zenye injini kubwa vinaweza kuja na falenji tofauti.

Sasa ukaguzi, hapo hapo dukani, kabla hakijaoshwa. Wakikwambia "tumekusafishia bosi", wamekufutia ushahidi. Unataka kuona oili iliyokuwemo. Nyeusi si tatizo. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yaliingia, na beringi za namna hiyo huwa na vidoa vya kutu hata kama krauni inang'aa. Shika falenji ya pinioni, isukume juu na chini, ndani na nje. Hapo pasiwe na mchezo hata kidogo. Mchezo wa kuzunguka upo na lazima uwepo: kwa saa ya kupimia (geji yenye mshale) kwenye jino la krauni ni milimita 0.13 hadi 0.18. Huna saa? Angalau zungusha krauni polepole upime kwa mkono sehemu nne. Ikiwa sehemu moja inabana na nyingine imelegea, krauni imepinda, rudisha.

Tazama nati ya pinioni. Ya kiwandani imegongwa ukingo wake ukaingia kwenye mfereji wa pinioni. Ukiona imegongwa mara mbili au ina alama za patasi, kuna mtu aliwahi kuingia. Meno yawe na njia ya mguso katikati, yasiwe na vishimo wala rangi ya bluu ya kuungua.

Na hapa napingana na fundi wako moja kwa moja: kikipita ukaguzi huo, pinioni isifunguliwe kwa ajili ya beringi. Nyuma ya beringi kubwa ya pinioni kuna shimu (pete nyembamba ya kurekebisha kimo) iliyochaguliwa kwa kichwa kile kile. Ukibadilisha beringi, kimo cha pinioni kinaweza kuhama kidogo, na kidogo hicho ndicho mlio. Ukishaingia humo itabidi upake rangi ya kukagulia mguso wa meno, uchague shimu upya, urekebishe nati za pembeni za krauni, upime tena. Mguso ukikaa kwenye kisigino (mwisho wa jino upande wa nje wa krauni) au juu ya jino, shimu inene pinioni isogee ndani. Ukikaa kwenye ncha (mwisho wa upande wa ndani) au chini ya jino, shimu ipungue. Fundi mwenye saa, puli ya kung'olea beringi na shimu za kuchagua afanye. Mwenye nyundo na patasi aache.

Mpakia_Mchanga
Nimepata kingine, 41 kwa 10, falenji inalingana, oili nyeusi safi, mchezo wa juu chini hakuna. Ila sili ya pinioni imelowa. Hiyo nayo niiache?

Saa_ya_Kupimia
Hapana, sili ibadilishwe kikiwa mezani, maana ukishafunga propela kazi ni mara mbili. Lakini kabla ya kulegeza nati, pima uzito wa kuzungusha pinioni. Mizani ya ndoano ya kupimia samaki inatosha: ipachike kwenye tundu la bolti la falenji na uvute kwa pembe mraba. Tundu likiwa sentimita 4 kutoka katikati na mizani ikasoma kilo 2, hiyo ni kgf·cm 8. Andika namba hiyo. Piga alama ya patasi kwenye nati, pinioni na falenji.

Kati ya beringi mbili za pinioni kuna spesa ya bati inayobonyea. Ndiyo inayoshikilia mkazo. Njia sahihi ni kuweka spesa mpya na nati mpya, na kwa hilo beringi ya mbele lazima itoke, lakini shimu ya nyuma haiguswi. Kaza kidogo, zungusha pinioni, pima, kaza tena. Kitabu cha Toyota kwa pinioni peke yake ya inchi 8 kinataka kgf·cm 6 hadi 10 kwa beringi zilizotumika, 12 hadi 19 kwa mpya. Wewe krauni imo ndani, kwa hiyo lengo lako ni ile namba uliyoandika, au juu yake kidogo kwa sababu sili mpya inabana.

Ukipitiliza usirudishe nati nyuma. Spesa ikishabonyea haifufuki, itabaki imelegea na beringi itakuwa inaelea. Ndiyo maana bunduki ya upepo hairuhusiwi kwenye kukaza nati hii. Kuilegeza sawa.

Angalia pia pale sili inapokanyaga kwenye falenji. Kukiwa na mfereji unaoshika kucha, sili mpya itavuja wiki ijayo. Chukua falenji ya kichwa chako cha zamani kama ni nzima na meno ya ndani yanalingana.

Spana12_Mombasa
Sasa kufunga. Mwaga oili, toa propela (nati nne, namba 14), fungua dramu, paipu ya breki na kebo ya hendibreki, kisha nati nne nyuma ya sahani ya breki kila upande. Shafti inatoka pamoja na sahani. Si lazima itoke yote, sentimita 15 hivi zinatosha meno yake kuachia difu, lakini wewe itoe kabisa kwa sababu nitakazosema.

Nati za kichwa ni kumi, namba 12. Legeza zote ila acha mbili zikiwa zimeshika ncha za stadi (bolti zilizochomekwa kwenye nyumba ya difu), moja juu na moja pembeni, ndipo ugonge kwa kipande cha mbao. Kichwa kina zaidi ya kilo 30 na kikiachia kinaachia ghafla. Wawe watu wawili, au jeki chini yake.

Wewe jino lilivunjika, kwa hiyo nyumba ya difu ina vyuma. Wengi wanafuta pale katikati tu. Chembe zinakimbilia kwenye mirija ya pembeni na zitarudi kwenye kichwa kipya kona ya kwanza. Funga kitambaa kwenye fimbo, kichovye dizeli, vuta kutoka mwisho hadi mwisho mpaka kitoke safi, kisha pitisha sumaku. Ndiyo sababu ya kutoa shafti zote. Angalia meno yake yasiwe yamejisokota, badilisha sili za ndani, paka grisi kwenye midomo yake.

Halafu pumulio juu ya ekseli. Ling'oe, lioshe, lipulize. Likiziba kwa tope, joto linasukuma oili kupitia sili, na watu wanabadili sili mara tatu wakilaumu duka.

Gasketi mpya, nati za kichwa kama N·m 25 kwa msalaba. Usitie bomba kwenye spana, utang'oa stadi. Propela N·m 74. Breki lazima utoe upepo maana ulifungua paipu.

Oili ni GL-5, 80W-90 au SAE 90, kama lita 2.2. Usiweke GL-4 wala oili ya injini, meno ya pinioni hapa yanasuguana kwa kuteleza na yanataka dawa ya GL-5. Gari likiwa tambarare, jaza mpaka oili ifike milimita 5 au chini ya hapo kutoka mdomo wa chini wa tundu. Bolti za oili ni namba 24, N·m 49.

Endesha kilomita 20 bila mzigo, kisha shika nyumba ya difu karibu na pinioni. Joto la kushikika ni sawa. Ikiwa huwezi kuweka mkono, simamisha gari, mkazo wa pinioni umezidi.