Fundi unanitolea feni unanifungia kwenye nailoni ya ubuyu, halafu unataka elfu 45??

Bi Fotokopi (mleta mada)

Wakuu leo sina salamu mtanisamehe, nimeshuka kwenye daladala muda si mrefu mikono bado inatetemeka. Nimetoka kwa YULE fundi. Jina sitaji maana mnamjua, hakuna mtu aliyewahi kuharibikiwa kompyuta Dar hii asimjue, yule wa kwenye korido ya mafundi simu Kariakoo anayefungulia singeli mpaka skrubu zinahama zenyewe mezani.

Mnajua mimi nina kasteshenari, nachapa, naprinti, nawajazia watu fomu za ajira na mikopo ya chuo. Laptopu yangu ni HP. Feni ilianza kukoroma, ikakoroma wee, siku moja kimya. Ukiwasha inaleta skrini nyeusi imeandikwa 90B, kwamba feni haifanyi kazi sawasawa, na usipobonyeza Enter ndani ya sekunde 15 inajizima. Nikampelekea. Nikamwambia kwa kinywa changu, kaka fundi feni imekufa naomba uniwekee nyingine. Akasema dada hiyo ndogo sana, niachie njoo jioni. Jioni njoo kesho. Kesho umeme ulikatika. Kesho yake kaenda msibani, na huo msiba ulimkuta na bia mkononi maana majirani zake wa korido wamenieleza.

Leo nafika ananipa laptopu imefungwa safi, imefutwa mpaka inang'aa, nikasema afadhali. Mara anavuta droo anatoa kanailoni. Kale kanailoni ka ubuyu, bado kana wekundu wekundu kwenye pembe, kamefungwa fundo. Ndani kuna feni yangu. FENI YANGU WAKUU. Ananikabidhi kwa mikono miwili kwa heshima zote anasema "Dada hii ndo ilikuwa inakupigia kelele, nimekutolea. Na uzito umepungua."

Nimekutolea!! Kama jino!!

Nikamuuliza sasa itapoa na nini? Anasema "Dar tuna upepo wa bahari dada yangu." Watu kwenye korido wakacheka. Akanifundisha na namna ya kuishi nayo, eti kila ukiwasha uwahi Enter. Kubonyeza Enter elfu 45! Nimelipa maana laptopu alikuwa ameikumbatia na foleni imejaa nyuma yangu, na skrubu mbili zimebaki mezani anasema hizo kiwanda huwa kinazidisha.

Nimefika ofisini nimewasha, nimewahi Enter kama mwanafunzi mtiifu, kijana wa watu kakaa pembeni yangu anaomba kazi na mwisho ni leo saa sita usiku. Tumejaza elimu, tumejaza wadhamini, tunapandisha cheti, upande wa kushoto hapawekeki mkono, prosesa, ule ubongo wa kompyuta, imekuwa nzito neno moja linatokea baada ya dakika, halafu PAP, giza. Kijana kaniangalia. Na mimi macho yameenda kwenye nailoni ya ubuyu iko hapo kando ya stepla, feni imo ndani imetulia. Yaani aliifunga na fundo! Ili isinimwagikie njiani!

Mchumia Juani

Hahahaha "isinimwagikie". Pole dada. Huyo jamaa namjua, mimi alinirudishia kompyuta ya mezani inawaka vizuri ila sauti yake inatokea kwenye kompyuta ya jirani.

Kidevu cha Mbuzi

Mleta mada na wewe hujielewi, mtu anakwambia njoo kesho, kesho msiba, bado unamwachia mali? Alivyosema upepo wa bahari ungeiacha hapo hapo ukatafute askari. Umelipa mwenyewe halafu unakuja kutulilia sisi.

Bi Fotokopi

Kidevu cha Mbuzi ulikuwepo? Uliona alivyoikumbatia? Ningevutana naye laptopu mbele ya watu ikaanguka ndo ungefurahi? Kanifungia feni kwenye nailoni ya ubuyu mzee, NAILONI YA UBUYU, wewe unaongea habari za askari.

Tanga Raha

Samahani ubuyu wenyewe ulikuwa wa Zanzibar au huu wa kawaida

Shangazi wa Temeke

Mnacheka lakini inauma. Hawa mafundi wanaona ukiwa mwanamke hujui hata skrubu inafungwa upande gani. Mimi laptopu ya mwanangu ilipakwa dawa ya meno juu ya prosesa badala ya ile pesti ya kupitisha joto. Tena ile ya rangi mbili. Ilipoa wiki ya kwanza nikamsifia kwa watu, baadae ikawa inachemka kuliko mwanzo, tumeifungua ndani inanukia mnanaa.

Fundi Kimya

Dada pole, mimi ni fundi na nimekasirika kuliko wewe maana hawa ndo wanatufanya wote tuonekane matapeli. Naomba mnisikilize kidogo kabla uzi haujaenda kwenye ubuyu.

Kwanza Bi Fotokopi usiifanyie kazi hiyo mashine bila feni. Ndani kuna bomba la shaba linatoa joto kwenye prosesa kulipeleka kwenye mapezi membamba pale kwenye tundu la pembeni, kazi ya feni ni kupuliza hayo mapezi. Bila feni joto linakaa pale pale. Prosesa nyingi za Intel zikikaribia nyuzi 100 zinajipunguza kasi zenyewe, ndo ule uzito uliouona, joto likizidi kupanda inajizima isiungue. Mashine imekuokoa yenyewe. Upepo wa bahari hauingii kwenye tundu la laptopu, na hapa Dar hewa yenyewe inaingia ikiwa ya moto.

Pili, 90B haimaanishi feni imekufa moja kwa moja. Inamaanisha bodi, ule ubao mkuu wa ndani, haipati taarifa sahihi ya mzunguko wa feni. Feni ya laptopu mara nyingi ina waya tatu au nne: umeme, hasi, unaopeleka hesabu ya mizunguko kwenye bodi, na wa nne unapokea amri ya kasi. Huo wa hesabu ukikatika feni inaweza kuzunguka vizuri kabisa na meseji ikaja vile vile. Au plagi yake imechomoka kidogo tu. Kwa hiyo fundi mwenye akili anafungua, anahakikisha plagi imekaa, anatoa vumbi kwenye mapezi (vumbi la Dar na nyuzi za nguo linatengeneza godoro kabisa pale mlangoni, hewa haipiti), anazungusha mapanga kwa kidole. Yakizunguka laini, anapima kama umeme unafika. Yakikwama, bushi (pale katikati feni inapozungukia) imekauka, na kwako ilikuwa inakoroma kabla kwa hiyo nahisi ndo hiyo. Hapo unabandua stika ya katikati kama bushi inafikika unatia tone la mafuta mepesi ya cherehani, inarudi kwa muda, ila dawa ni feni mpya. Angalia namba kwenye stika ya feni yako ununue yenye namba ile ile. Pesti ya prosesa ibadilishwe hapo hapo maana ukishainua lile bomba, pesti ya zamani haishiki tena.

Na mkipuliza na blowa shikeni mapanga yasizunguke, ikizungushwa na blowa kwa fujo bushi inakufa.

Mchumia Juani

Fundi Kimya nina feni ya kompyuta ya mezani hapa ndani, naweza kumpa dada aunganishie kwa nje?

Fundi Kimya

Hapana. Hizo nyingi ni za volti 12, ya laptopu kwa kawaida ni volti 5. Itazunguka kivivu au isizunguke kabisa, na plagi haziingiliani. Kwa leo tu dada inyanyue nyuma kwa vitabu viwili hewa ipite chini, elekeza feni ya mezani kwenye hilo tundu, funga programu zote bakiza fomu ya huyo kijana. Ukimaliza zima.

Kidevu cha Mbuzi

Amfungie pangaboi kabisa

Bi Fotokopi

Fundi Kimya Mungu akubariki. Nimeinyanyua, nimeelekeza feni, tumefungua tena. Unaona sasa, maneno yote hayo na yeye angeyajua kama angetaka. Nimeifungua nailoni, nimezungusha kwa kidole, inakwama kwama kweli. Kwa hiyo alikuwa anahitaji TONE LA MAFUTA. Tone! Akaona bora aing'oe aifunge fundo. Na akanipa kwa mikono miwili wakuu, hicho ndo kinaniua, mikono miwili kama ananipa mtoto mchanga.

Shangazi wa Temeke

Fundi Kimya hayo mafuta ya cherehani ni yale ya kichupa cheupe?

Fundi Kimya

Hayo hayo mama. Msitie mafuta ya kupikia, yanaganda na kushika vumbi.

Mwali wa Mbagala

Mmetaja cherehani mmenitonesha. Mafundi wa kompyuta wana afadhali, mafundi nguo je? Nilipeleka kitambaa cha Idi mapema kabisa Ramadhani haijaanza, usiku wa kuamkia Idi nipo kibarazani kwake na watu wengine wengi tumekaa kwenye benchi kama zahanati, yeye anakata vitambaa vyetu muda ule ule. Nikapewa gauni mkono mmoja mrefu mmoja mfupi ananiambia ndo fasheni.

Tanga Raha

Fasheni 😂😂 Mimi mshono wa suti ya harusi ya kaka yangu, suruali niliipata siku kaka mwenyewe anamtolea mahari mtoto wake wa pili, sijui nisemeje

Kidevu cha Mbuzi

Mafundi nguo wanavaa nguo zetu. Nimemkuta wangu kwenye kipaimara na shati langu. Amenisalimia vizuri tu, "shikamoo kaka".

Mchumia Juani

Shati lako likakupa shikamoo

Shangazi wa Temeke

Na vipande vinavyobaki vinaendaga wapi jamani? Unapeleka doti nzima ya kitenge unarudishiwa sketi ya kubana, ukiuliza anasema kitambaa kilikuwa kifupi. Watoto wake wote watatu wamevaa vitenge vya mtaa mzima.

Mwali wa Mbagala

Huyo wangu ni yule wa chini ya mwarobaini karibu na kituo, mwenye cherehani mbili moja mbovu. Mnamjua.

Bi Fotokopi

Fomu ya kijana imekubali, kaondoka na risiti. Mwali, wa chini ya mwarobaini yule mwenye binti anayepokea hela? Ana kitambaa changu cha lesi nyeupe, alisema mashine ya kudarizi imevunjika sindano. Kesho nakupitia saa mbili twende wote.

Mwali wa Mbagala

Njoo saa moja, saa mbili anakuwa kashatoroka kwenda kunywa chai.

Tanga Raha

Na mimi mnipitie, suruali yangu ilitoka bila zipu